Kushusha gia za Suzuki kongwe: lini inasaidia hapa Unguja, na lini ni kutupa pesa

Hii mada imeulizwa sana, tena na watu wa aina zote: madereva wa watalii, wenye mashamba huko uwandani, hata vijana wanaotaka gari iwe juu tu basi. Swali ni moja. "Nimefunga tairi kubwa, gari imekuwa nzito, nishushe gia?" Na kila baraza lina jibu lake. Huyu atakwambia badilisha difu, yule atakwambia agiza gia za transfa kutoka nje, wa tatu atakwambia gari imezeeka, uza ununue nyengine.

Mimi si injinia, nimeishia kidato cha nne. Lakini siku zangu nyingi nimezimaliza gereji huku Ng'ambo nikishika spana, na hesabu za gia ni kuzidisha na kugawa, hazitaki chuo. Kwa hiyo naziweka hapa pahala pamoja ili mtu asome kabla hajamtolea fundi pesa.

Nitazungumzia zaidi gari mbili maana ndo zenye watu wengi: Escudo ya kizazi cha kwanza iliyoanza kutoka Japani mwaka 1988 (Ulaya wanaiita Vitara, Marekani Sidekick), na vile visuzuki vya turubai, SJ410 na SJ413, ambavyo Wamarekani wanaviita Samurai. RAV4 nimeiacha makusudi. RAV4 ya kwanza ya 1994, hata ile inayosukuma tairi zote nne, haina gia nzito, hivyo hakuna cha kushusha kwenye transfa. Honda CR-V hali kadhalika. Ukiuziwa RAV4 kwa maneno ya "hii inapita popote", cheka kidogo halafu uliza bei ya Escudo.

HESABU KWANZA

Nguvu inatoka kwenye injini, inapita giaboksi, inapita transfa, inaishia kwenye difu na tairi. Kila pahala inapopita kuna namba, na namba zote zinazidishana. Kumbuka jambo moja ambalo huwachanganya wengi: namba ikiwa KUBWA ndo gia iko CHINI, yaani nguvu zaidi na mbio kidogo. Kushusha gia maana yake ni kupandisha namba.

Chukua Escudo ya 1.6 ya gia za mkono. Gia ya kwanza ni 3.652. Transfa kwenye gia ya kawaida ni 1, kwenye gia nzito (ule mkono mdogo ukiweka 4L) ni 1.816. Difu zake nyingi ni 5.125. Ukiwa gia ya kwanza ya kawaida unapata 18.7. Ukiweka nzito unapata 34. Yaani injini inazunguka mara 34 ili tairi izunguke mara moja. Injini ikiwa inanguruma polepole, mizunguko 800 kwa dakika bila kukanyaga mafuta, gari kwenye gia ya kawaida inakwenda kama kilomita 5.6 kwa saa, na kwenye nzito kama 3. Hiyo 3 ni mwendo wa bibi anayetoka kisimani na ndoo kichwani.

SJ413 ina gia ya kwanza hiyo hiyo 3.652, transfa nzito 2.268, difu 3.727. Jumla karibu 31. Kwa kulinganisha tu, Land Rover Series III inafika kama 40, na Defender yenye giaboksi ya R380 kama 43. Ndo maana lile Land Rover la babu, injini imechoka na moshi tele, bado linatambaa juu ya mawe na mzigo wa kuni, wakati gari jipya lenye nguvu zaidi linanuka klachi.

TAIRI NI GIA PIA

Hapa ndo kwenye kiini cha maneno, na ndipo mafundi wengi hawakwambii. Tairi kubwa inapandisha gia. Injini inazunguka vile vile, lakini kila mzunguko wa tairi sasa unaisogeza gari mbali zaidi, kwa hiyo umejiongezea mbio na umejipunguzia nguvu.

Tairi ya Escudo, 195/80R15, ina kimo cha milimita 693 hivi. 235/75R15 ina kama 734. Zile za inchi 31 ambazo vijana wanazipenda zina 787. Gawa 787 kwa 693 utapata ongezeko la asilimia 13 na ushei. Ile 34 yako ya gia nzito inakuwa kama 30. Ile 18.7 ya kawaida inakuwa 16.5. Hujagusa gia hata moja na tayari umeharibu hesabu ya kiwandani.

Na spidomita inakudanganya juu yake. Ikikuonyesha 50, wewe uko karibu 57. Ikionyesha 80, uko kama 91. Trafiki akikusimamisha usimlaumu.

Ami yangu ana Escudo ya mwaka 1994. Kazi yake ni barafu na samaki: alfajiri anachukua barafu mjini, anashuka nayo pwani za kusini kwa wavuvi, anarudi na samaki. Gari ndo inayosomesha watoto wake. Alifunga inchi 31 kwa sababu ya kuwa juu ya mawe, na ndani ya mwaka mmoja akaunguza klachi mbili. Fundi wake akamwambia dawa ni kuagiza gia za transfa, na ami alikuwa kashaanza kukopa. Nikamuomba ufunguo. Nikavuta ule mkono mdogo kwenda 4L... haukwenda. Umeganda! Nikamuuliza, akasema, "Mwanangu, hiyo si ya kutumia mpaka ukwame." Kumbe miaka yote anaanza kuondoka mchangani na kilo mia kadhaa za barafu kwenye gia ya kwanza ya kawaida, 16.5, huku klachi ndo inafidia kwa kuteleza. Gari ilikuwa na gia ya 30 imelala bure chini ya kiti.

Tulichofanya ni kuufungua mkono, kusafisha viungo vyake na kutia grisi, na kubadilisha oili ya transfa. Kisha tukabishana juu ya tairi. Ami ana hoja: inchi 31 zinainua gari milimita 47 hivi, na kwenye mawe hizo si chache. 235/75 zinainua 20 tu. Mwisho alikubali 235/75, na kwenye gia nzito sasa ana 32. Klachi aliyofunga wakati ule mpaka leo ndo hiyo hiyo. Pesa ya mkopo alimrudishia mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya yote, mdau, nenda kavute mkono wa 4L wa gari yako. Uvute gari ikiwa imesimama, gia iko huru, klachi umekanyaga. Kama una habu za kufunga kwa mkono kwenye tairi za mbele, zifunge kwanza. Na usitumie kwenye lami kavu. Hizi gari ukishaweka foo wili, mbele na nyuma zinafungwa pamoja, na kwenye kona ya lami tairi haziwezi kuteleza kidogo ili kufidia, basi chuma ndo kinajikaza mpaka kitu kikatike. Mchangani, kwenye tope na kwenye mawe yaliyolegea hakuna shida.

NJIA ZA KUSHUSHA

Sasa tuseme umetumia gia nzito na bado haitoshi. Njia kubwa ni mbili, difu au transfa.

Difu inashusha kila kitu, gia zote, mchangani na lami. Namba ya difu ni meno ya kronwili ukigawa kwa meno ya pinioni. 41 kwa 11 ni 3.727, hiyo ni SJ413. 37 kwa 9 ni 4.111, hiyo ni SJ410. 41 kwa 8 ni 5.125, ndo ya Escudo. Uzuri ni kwamba meno hayasemi uongo, muuzaji wa spea anaweza kusema.

Kama hutaki kufungua, kuna ujanja. Zuia gari vizuri kwa mawe, inua tairi MOJA ya nyuma kwa jeki na stendi, nyengine ibaki chini, gia iwe huru. Weka alama ya chaki kwenye propela. Zungusha ile tairi ya juu mara mbili kamili huku mwenzako anahesabu mizunguko ya propela. Atakayopata ndo namba ya difu: ikizunguka mara tano na kidogo, una 5.125. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu tairi moja imeshikwa chini, difu inagawa mzunguko nusu kwa nusu.

La kushika hapa: difu ya mbele na ya nyuma LAZIMA ziwe namba moja. Nimeona mtu kanunua difu ya nyuma tu, ya bei rahisi, kutoka kwenye gari iliyokatwa. Ukiweka foo wili mbele inataka kwenda mbio yake na nyuma yake, na transfa iko katikati kama mtoto wa wazazi wanaogombana. Na usidhani Escudo zote ni sawa, za otomatiki na za mkono zinaweza kutofautiana. Hesabu meno kabla ya kutoa pesa, hasa kama spea inatoka Dar na boti na kurudisha ni gharama nyengine.

Ubaya wa difu ni lami. SJ413 yenye tairi zake za kawaida, gia ya tano, kilomita 80 kwa saa, injini iko kama mizunguko 2,650. Ukiitia difu ya 5.125, mwendo ule ule inakuwa kama 3,650. Kutoka mjini mpaka Paje ni kilomita 50 hivi za lami, nenda rudi mia. Utafika, lakini na masikio yanalia, na petroli utaijua.

Kwa Escudo njia hii kwa kweli imefungwa. Ishakuwa na 5.125. Ili urudishe hesabu ya kiwandani ukiwa na inchi 31 unahitaji difu ya 5.8 hivi, na sijaiona kwenye Escudo yoyote iliyopita mikononi mwetu.

Njia ya transfa ndo ninayoipenda mimi, kwa mtu mwenye sababu ya kweli. Kisuzuki cha turubai kimejaliwa hapa: transfa yake imekaa peke yake, mbali na giaboksi, zimeunganishwa na propela fupi. Unaishusha chini bila kugusa giaboksi. Njia ya watu wa kawaida ni kuchukua transfa ya SJ410 kuitia kwenye SJ413. Gia nyepesi inatoka 1.409 inakuwa 1.580, nzito inatoka 2.268 inakuwa 2.511. Jumla ya gia ya kwanza nzito inafika 34. Sasa angalia kichekesho: ukiacha transfa na badala yake ukatia difu za SJ410 za 4.111, unapata 34 pia, na kwenye lami tofauti ni ndogo mno. Lakini transfa unafungua pahala pamoja, difu unafungua mbele na nyuma. Mimi ningefungua pahala pamoja. Kagua tu flanji na vifungio kabla ya kulipa.

Halafu kuna seti za gia zinazotengenezwa nje kwa ajili ya Samurai. Iliyo maarufu ni ya 4.16. Zidisha mwenyewe: 3.652 kwa 4.16 kwa 3.727 ni 56.6. Injini ikinguruma bila mafuta, gari inakwenda chini ya kilomita 2 kwa saa. Unaweza kushuka, ukatangulia mbele kuangalia njia, ukairudia (usifanye!). Kwa Escudo pia zipo seti zinazozidi 4 kwenye gia nzito, na kwa kuwa gia yake nyepesi ni moja kwa moja, lami inabaki kama ilivyo. Si mambo ya kienyeji tu haya. Jeep yenyewe ilipotoa Wrangler Rubicon mwaka 2003 iliitia transfa ya 4 kwa 1 kutoka kiwandani.

MCHANGA NA MAWE SI KITU KIMOJA

Swali la kujiuliza sasa ni: unakwenda wapi? Kisiwa chetu ni bapa. Masingini, ndo kilele chetu, ni kama mita 120 tu juu ya bahari. Hatuna milima ya kushuka na gia nzito kama wenzetu wa Kenya kwenye Rhino Charge, yale mashindano ya tangu 1989 ya kuchangia uhifadhi, ambapo gari inapita vituo 13 ndani ya saa 10 na mshindi si mwenye mbio bali aliyekwenda umbali mfupi kuliko wote. Pale mtu anakata moja kwa moja korongoni, gia ya 56 ina kazi. Hapa tuna vitu vitatu: mchanga wa pwani, kinongo cha masika, na mawe ya uwandani.

Mchanga hautaki kutambaa. Ukienda kilomita 2 kwa saa kwenye mchanga laini unajichimbia kaburi. Unataka gia nzito ya pili au ya tatu, mwendo usiokatika, na upepo mdogo kwenye tairi. Shusha mpaka psi 16 au 18 kwa gari nyepesi kama hizi na utashangaa. Nasema kabisa: nusu ya watu wanaotaka kushushiwa gia wanahitaji pampu ya upepo tu. (Na jamani, tukiwa pwani, mashamba ya mwani ya Paje na Jambiani ni riziki ya akina mama tangu 1989. Vile vijiti na kamba si vizuizi vya mashindano, pita juu.)

Kinongo kikilowa ni sabuni. Pale gia za chini sana zinazungusha tairi bure, bora tairi yenye meno na mguu mwepesi.

Mawe ya uwandani ndo pahala pake. Wale wa upande wa Makunduchi, Michamvi na Matemwe mnajua, ukiacha lami kuingia shambani ni matumbawe ya kale, yana ncha kama misumari. Ukipita kwa kasi unakata ubavu wa tairi, na ubavu haupigwi kiraka. Hapa kwenda taratibu bila kukanyaga klachi ni kuokoa tairi. Mwenye shamba ndani, anabeba matofali au mapipa ya maji kila wiki, gia za 4 na kitu zitamlipa. Vile vile anayevuta boti kutoka majini kwenda nchi kavu. Tatizo ni upepo: mchanga unataka tairi laini, mawe yanataka tairi ngumu, na kisiwani kwetu mara nyengine viko mita mia mbili mbalimbali. Kwa hiyo pampu iwe ndani ya gari, usiseme utajaza ukifika kituoni.

Kwa anayezunguka mjini, Darajani, Malindi bandarini, na Ijumaa moja moja Nungwi, hamna haja yoyote. Mji Mkongwe wenyewe vichochoro havipiti hata mkokoteni mpana. Kwenye foleni ya mchana kinachokuua ni tairi kubwa, maana kila ukiondoka unateleza klachi. Rudisha tairi za kawaida, basi.

KITAKACHOVUNJIKA

Ukitoka 31 kwenda 56 umezidisha nguvu inayofika kwenye ekseli kwa karibu mara mbili. Ekseli haikuambiwa. Kwenye Escudo hizi, nyumba ya difu ya mbele ni ya alumini, na duniani kote inajulikana kwa kupasuka tairi ya mbele ikikwama na dereva akakanyaga mafuta. Gia ya chini ni ya kutumia mguu mdogo. Tairi ikigoma, simama, rudi nyuma, tafuta mstari mwengine. Weka jiwe chini kama ikibidi.

La pili ni maji ya chumvi. Kwa miaka mingi njia ya kwenda kisiwa cha Uzi kutoka Unguja Ukuu ilikuwa ikizama maji yakijaa, na walioipita wanajua kilichotokea: difu imepata moto njiani, unaitumbukiza kwenye maji baridi, hewa ndani inasinyaa na difu inavuta maji kupitia tundu lake la kupumulia au sili iliyochoka. Ukifungua oili imekuwa kama chai ya maziwa. Kama umelipia kronwili mpya, basi vuta mpira mwembamba kutoka kwenye lile tundu uupeleke juu kwenye chumba cha injini. Ni kazi ya nusu saa. Na ukitoka pwani osha chini kwa maji matamu siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

La mwisho ni kwa waliokwisha kufunga. Kronwili na pinioni mpya zinataka kuzoeana. Safari za mwanzo usibebe mzigo, usivute kitu, simama kila baada ya dakika ishirini hivi difu zipoe. Ukifika kilomita 800 mwaga oili yote utie mpya, hata kama ile inaonekana safi. Ukipitisha sumaku kwenye ile uliyomwaga, unga mwembamba wa kijivu ni kawaida. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, usiiwashe gari tena, mwite aliyefunga aje mwenyewe afungue mbele yako.